Hariati Hakupanda Punda

Shangazi,

Nimekaa kwenye kiti chako cha dirishani, kile usichopenda mtu akikalie, na karatasi nimeiweka juu ya kasha lako kwa sababu Amina wangu ameishika meza kwa kazi zake za shule. Ungetuinua sote wawili. Huu ni mwezi wa nane tangu tukuzike na nyumba bado haijazoea. Ile kofia uliyoiacha nusu bado ina sindano yako. Mwenyewe alikuja kuiulizia, nikamwomba ibaki kwetu, akakubali, akakusomea Fatiha pale pale mlangoni, akaenda zake. Paka wako amehamia kwa jirani, na akituona hujifanya hatujui.

Siandiki ili nilie. Nimelia, tena sana, hilo ulijue. Naandika kwa sababu tangu mwezi uliopita nina maswali ambayo wewe peke yako ungeyajibu, na nimeyazungusha kichwani mpaka juzi nikaandika hesabu ya makosa ubaoni, watoto wa darasa la pili wakanisahihisha. Afadhali niyaweke hapa.

Wamkumbuka Hariati. Sisi watoto wa nyumba hii tulikua naye kama binamu aliye mbali. Msichana wa miaka kumi na minne, yatima, aliyepelekwa kwa ami yake huko magharibi ya Marekani, kwenye ranchi ambayo mtu akipanda farasi alfajiri, adhuhuri bado hajafika kwenye ua wa mwisho. Ulituhadithia baada ya alasiri, ukishona, bila kuinua macho. Theluji ulituambia ni chumvi isiyo na ladha inayoanguka kutoka juu. Wachunga ng'ombe wa huko ulisema ni wanaume wasioshuka juu ya farasi hata kwa kunywa chai. Ulipotaka kutuonyesha jinsi Hariati alivyorusha kamba ya tanzi ikamnasa ndama shingoni, ulitumia uzi wa kofia na kikombe cha kahawa, na kikombe kikavunjika. Siku moja nilikuuliza kama Hariati alikuwa akiswali. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Kule msikiti hakuna, lakini alikuwa na adabu zake."

Na kila mara ulisimama mahali pamoja. Wezi wamewaswaga ng'ombe wote wa ami mpaka ng'ambo ya mto. Ami kavunjika mguu. Mvua imenyesha milimani, mto umefura, na Hariati yuko ukingoni juu ya farasi wake, peke yake. Tukikuuliza kama aliingia majini, ulikata uzi kwa meno ukasema, "Mimi nilimwachia hapo. Nyinyi mwaonaje?" Tukagombana mpaka adhana ya magharibi.

Lakini kisa tulichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha punda. Farasi wa Hariati aliumia ukwato, na ilibidi afike mjini, basi akamchukua punda wa mbeba chokaa bila kuomba ruhusa. Akajifunga nguo kiunoni, akampanda, akapita naye katikati ya barabara kubwa. Watu wakatoka madukani. Wengine walicheka, wengine walishika vichwa. Muuza halua aliacha mwiko ndani ya sufuria. Na Hariati alikaa wima, hakugeuka kulia wala kushoto. Sisi hatukuwahi kujiuliza muuza halua alitafuta nini Marekani.

Baba hakukipenda kisa hicho. Ulipofika tu kwenye ukwato wa farasi, yeye huinuka kutafuta viatu vyake. Tulidhani anatuona twapiga kelele.

Mwezi uliopita nilifungua kasha. Sikuwa na haraka nalo, ila Amina alihitaji leso ya igizo la shule, na nilijua zako nzuri ziko chini. Nikatoa leso, nikatoa ile shuka ya harusi yako na Ami Swaleh, Mungu amrehemu, na chini kabisa nikakuta kitabu kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Hakina jalada. Kilichokuwa mkononi mwangu kilikuwa nusu ya kitabu, kimepasuliwa mgongoni kwa nguvu, nyuzi zikiwa bado zinaning'inia. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa penseli, kuna majina mawili. Rehema, kwa mwandiko wako. Na chini yake, Dama.

Nilikisoma siku mbili. Shangazi, miaka yote nilidhani Hariati umemtunga. Kumbe yupo, kwa herufi za Kiingereza, na ranchi yake, na ami yake, na kamba ya tanzi. Umebadilisha mengi. Mpishi wa ranchi ni mwanamume mwenye ndevu, wewe ulimfanya mwanamke mnene anayetia nazi kwenye maharagwe. Hariati mwenyewe ana ulimi mkali kuliko ulivyotuambia. Lakini ni yeye. Na ukurasa wa mwisho wa nusu ile unakatika katikati ya sentensi, Hariati akiwa amekaza hatamu, ukingoni mwa mto. Ulitwambia kweli. Ulimwachia hapo kwa sababu hapo ndipo karatasi zilipokwisha.

Kitu kimoja sikukiona. Nilirudi nyuma, nikapekua ukurasa kwa ukurasa. Hakuna punda. Hakuna mbeba chokaa, hakuna barabara kubwa, hakuna muuza halua. Hariati hakupanda punda hata siku moja.

Nikateremka na kitabu mkononi. Baba alikuwa ukumbini na redio yake. Nikamuuliza, "Baba, nani alipanda punda?"

Alizima redio. Alikitazama kile kitabu.

"Shangazi yako," akasema. "Hapa hapa mjini, barabara ya Ndia Kuu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu."

Basi akanieleza, na kila alichonieleza wewe wakijua, lakini acha nikirudie ili uone nimekielewa sawa. Kwamba shuleni ulikuwa na rafiki, Dama, mtoto wa Kigiriama, ambaye mama yake alikuwa mpishi kwa mwalimu mmoja wa Kizungu huko Ganjoni. Kwamba Mzungu yule aliporejea kwao aliacha sanduku la vitabu, na Dama akachukua kimoja kwa sababu ya picha ya farasi iliyokuwa juu. Kwamba mlikisoma pamoja wakati wa mapumziko, wewe ukisoma kwa sauti kwa kuwa Kiingereza chako kilikuwa chepesi zaidi. Na kwamba siku moja mkitoka shule mlimkuta punda wa chokaa amefungwa peke yake, ukajifunga buibui kiunoni, ukampanda, ukapita naye mji mzima, Dama akikimbia nyuma ameshika vitabu vyenu.

"Nilikuwa nimesimama mbele ya duka la halua na wenzangu," Baba akasema. "Nina miaka kumi na saba. Watu walicheka, nami nikaona wananicheka mimi. Nikaenda moja kwa moja kwa mzee nikamwambia."

Babu hakukupiga. Baba alitaka nilijue hilo. Alikutoa shule tu, wiki ile ile. Ukaanza kushona kofia.

Nilimuuliza Baba kama aliwahi kukuomba radhi. Akasema kila mwaka alijiambia atafanya hivyo sikukuu ikifika, na ikifika anaona umefurahi, hataki kukuharibia. "Na yeye hakunambia neno," akasema. "Miaka yote. Ila kile kisa. Akikianza, mimi natoka."

"Na hukuwahi kukisikia mpaka mwisho?"

"Mwisho naujua. Mwisho ni mimi."

Hapo, Shangazi, ndipo nilipokaa chini. Kwa sababu wewe na mimi twajua kisa kile kinavyokwisha, na yeye alikuwa hajui. Nikamsimulia, kwa maneno yako, kama nilivyoweza. Kwamba kaka yake Hariati, ambaye naye kitabuni hayumo, alikuwa amesimama mbele ya duka. Kwamba alipomwona dadake, aliwaacha wenzake wakicheka, akaenda akashika kamba ya yule punda, akamwambia, "Kaa vizuri, hapa mbele pana mteremko." Akamwongoza polepole mpaka nyumbani, na hakumwambia mtu.

Baba alivua miwani. Hakulia kama unavyodhania. Aliifuta kwa pindo la kikoi, akaifuta tena, akaivaa, kisha akaniomba nimsimulie tena kile kipande cha mteremko.

Swali langu la kwanza kwako ni hilo. Ulimsamehe, ukaitia samahani yako kwenye kisa kwa sababu hukupenda kuisema mdomo mtupu? Au ulikuwa ukimwambia jinsi ilivyompasa afanye? Nakumbuka ulikuwa ukipandisha sauti ukifika kwa yule kaka. Nilidhani ni kwa ajili yetu. Sasa nashangaa kama ulikuwa ukitaka isikike chini, mpaka mlangoni, mtu anapofunga viatu vyake.

Baada ya hapo sikuweza kutulia. Nilitaka nusu ya pili. Baba alijua tu kwamba familia ya Dama ilirudi Kaloleni baada ya mama kukosa kazi. Shuleni kwangu yupo mwenzangu, Mwalimu Kadzo, kwao ni huko. Nilipomuuliza alicheka, akasema kumtafuta Dama Kaloleni ni kama kumtafuta Mohamed Mji wa Kale. Nikamwambia, huyu mama yake alikuwa mpishi wa Mzungu, naye alisomeshwa mjini. Akampigia simu mamake. Siku ya tatu akanijia na daftari chini ya kwapa, akasema, "Huyo ni muuguzi mstaafu. Yuko kwa binti yake, Ganjoni. Lile ghorofa la manjano nyuma ya shule yetu."

Nyuma ya shule yetu, Shangazi. Miaka sita ulikuwa ukinijia pale na chakula cha mchana, ukikaa kwenye benchi la getini ukingoja kengele. Kutoka kwenye benchi lile madirisha yake yanaonekana.

Nilikwenda Jumamosi. Ni mwanamke mrefu, amenyooka, nywele nyeupe zimekatwa fupi, na anakutazama kama anayetaka kukupima joto. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni Salma, mtoto wa kaka yake Rehema wa Mji wa Kale. Hakuniuliza Rehema yupi. Aliniuliza, "Yu hai?"

Nilikuwa nimejipanga kwa mambo mengi, hilo sikujipangia. Nikamwambia umetangulia, miezi minane. Akakaa. Mikono aliiweka magotini, akakaa hivyo, na mimi nikabaki nimesimama na mkoba wangu mpaka aliponiambia, "Keti, mwanangu. Nilikuwa nikihesabu kwamba nitakufa mimi kwanza."

Nilipompa kile kitabu alikishika kwa pande zote mbili, akaupitisha mkono mahali kilipopasuka. Mlikipasua siku yako ya mwisho ya shule, akasema, ukutani nyuma ya vyoo, wewe umevuta huku na yeye kule, mkaapiana kwamba kila mmoja akimaliza nusu yake mtabadilishana. Wewe ulichagua ya kwanza, kwa sababu ulitaka ile yenye farasi wengi.

"Nusu yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Ililiwa na mchwa, nilipokuwa kwenye masomo ya uuguzi. Nilikuta unga mtupu." Halafu akasema, pasi na hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Niliileta, lakini, kabla ya mchwa. Wakati wa likizo. Niliifunga kwa gazeti nikaja nayo hadi kwenu. Kijana mmoja akafungua mlango, akasema Rehema hayupo, usije tena."

Sikumwambia kijana yule ni nani. Nikamuuliza badala yake lile tulilogombania utoto wetu wote: Hariati aliingia mtoni?

"Hakuingia," akasema. "Alishuka juu ya farasi, akakaa ukingoni, akangoja. Siku mbili, bila chakula. Siku ya tatu maji yakapungua, akavuka kwa miguu yake akimvuta farasi. Na ng'ombe walikuwako, maana mbele kulikuwa na mto mwingine uliofura vile vile, wezi wamekwama katikati, wamechoka, wanagombana. Mimi nilikitupa kile kitabu ukutani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, sikutaka msichana wa kungoja."

"Na sasa?"

"Sasa nimekuwa muuguzi miaka thelathini na mitano. Wengi nimewaona walioingia mtoni." Akatabasamu kidogo. "Lakini bado sikipendi."

Mimi pia sijui kama nakipenda. Wewe ungesemaje? Nimejaribu kukusikia na nasikia mambo mawili tofauti. Mara nasikia ukicheka, ukisema si kitu, wezi wameshikwa. Mara nasikia ukikata uzi kwa meno tu.

Nilirudi nyumbani, nikamkuta Baba anakula. Nikamwambia nimemwona Dama. Nikamwambia kuhusu kijana wa mlangoni. Akaacha tonge sahanini.

"Alikuwa amevaa sare ya shule ingawa ilikuwa likizo," akasema. "Kilikuwa kwenye gazeti, na gazeti limelowa jasho." Kisha akauliza, "Yuko ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu, Baba. Na lifti hakuna."

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, nilimkuta amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yako ile ya nyota, bakora mkononi. Hakuniambia twende. Alisimama tu mlangoni mpaka nikaelewa. Tukapanda tuktuk. Zile ngazi zilimchukua karibu robo saa. Kila kituo alisimama akajifanya anatazama nje. Nilimwambia tupumzike zaidi, akanikatalia kwa mkono.

Dama alifungua mwenyewe. Baba hakumpa hata salamu kwanza, yeye anayemsalimia kila mtu njiani mpaka chakula kinapoa. Alisema, "Mimi ndiye niliyekwambia usije tena. Rehema alikuwa juu siku ile. Alikuwepo."

Dama akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Nilijua yupo," akasema. "Niliona viatu vyake mlangoni." Halafu akasema, "Umezeeka."

"Nimezeeka," Baba akasema. "Nisamehe."

Nakwambia kweli, Shangazi, sikujua Dama angefanya nini. Alisogea kando ya mlango. "Ingia ukae," akasema. "Hilo la msamaha tutaliongea ukishapata pumzi."

Walikaa mpaka alasiri. Sehemu kubwa walizungumza juu yako. Dama alitaka kujua kila kitu: uliolewa na nani, ulipata watoto, ulikuwa bado ukicheka kwa kuziba pua. Baba alijibu kama mtu aliyeshikwa na kadhi, hakuficha lolote, hata lile la shule. Na wakati wa kuondoka Dama akamwambia, "Mimi nimekusamehe langu. La Rehema sina ruhusa nalo." Baba akamsimulia habari ya mteremko. Aliisimulia vizuri kuliko nilivyomfundisha.

Swali langu la pili, na ndilo linalonisumbua zaidi: ulikuwa juu. Dirisha hili nililokaa kando yake linatazama mlango. Ulimwona akija na gazeti lake? Ulimsikia kaka yako? Kama ulisikia, mbona hukuita? Na kama hukusikia, je, uliishi ukidhani Dama amekusahau? Sijui ni lipi kati ya hayo ningependa liwe kweli. Nimelitazama dirisha, nimetazama chini, nimepima kwa macho. Mtu akisimama karibu na ukuta, haonekani. Labda ndivyo ilivyokuwa. Nimeamua kuuamini ukuta.

Sasa kila Jumamosi nakwenda kwa Dama na daftari. Ananisimulia nusu ya pili, yote, na anakumbuka mengi mno, hata majina ya ng'ombe. Ninaandika kwa Kiswahili. Amina hukaa sakafuni akisikiliza, na ameshatangaza kwamba yeye angeingia mtoni, tena kwa kuogelea. Mimi nimemsomea nusu yako, na yeye Dama, ambaye alikuwa ameisahau, husikiliza amefumba macho na kunisahihisha matamshi.

Shangazi, barua imekuwa ndefu na Amina anataka wino wangu. Yapo mengine, nitakuja nayo.

Dama ameomba aonyeshwe ulipolala. Nilimweleza kwamba wanawake wetu hawaingii sana makaburini, akasema yeye hahitaji kuingia, yeye ukuta wa nje unamtosha. Baba amesema atatangulia ndani, asimame penye kaburi lako, ainue bakora ili Dama ajue pa kutazama. Nimewaahidi wote wawili, na sasa nakuahidi wewe, kwamba nitampeleka Ijumaa hii ijayo kabla jua halijapanda, na kila Ijumaa atakayotaka maadamu miguu yake ina nguvu, na isipokuwa na nguvu nitamtafutia kiti.

Mungu akunurishie kaburi, akupanulie. Ijumaa utasikia sauti ikikusalimu kutoka nje ya ukuta, sauti nzito ya mwanamke mzima ambayo hutaitambua. Amechelewa sana, lakini mlango ulifungwa na sisi. Mwitikie.

Mwanao,
Salma